Bonge la Barafu

Barafu ilitoka kwenye friza ikiwa angavu kama kioo, na mume wangu, aliyekuwa akinitania tangu jana, akainua mikono.

"Haya, mama, umeshinda. Ni maji yetu haya haya ya bomba?"

"Haya haya. Ndoo nimeizungushia blanketi, juu nikaacha wazi. Yanaganda kuanzia juu, uchafu wote unasukumwa chini."

Nikalipindua bonge.

Chini lilikuwa buluu, buluu ile ile ya kiwanda cha kutia nguo rangi kilicho juu mlimani. Mkubwa wa kiwanda hicho aliwahi kunywa bilauri nzima ya maji haya mbele yetu, nasi mazuzu tukampigia makofi. Sijasahau.

Chumbani, wifi yangu alikuwa akimnywesha mwanangu anayeumwa tumbo.

"Maliza, baba. Maji ndiyo dawa."