Bonde Limefunga

Kwa mara ya pili asubuhi ile, ndege ilinyanyua pua na kuukimbia uwanja ambao Dakta Sharmila Bhaduri alikuwa ameshauona kwa macho yake mawili. Aliiona lami, akauona mto, akamwona hata ng'ombe kando ya shamba la mpunga. Kisha wingu likapita, na mtu aliyekaa nyuma ya marubani akasema neno moja tu: "Juu."

Kapteni Bharucha akapaa juu. Ndege ilikuwa mikononi mwake kila mahali isipokuwa hapa. Sheria ya Bhutan haina mjadala: ndege ya kigeni haiingii uwanja wa Paro bila mwongozaji wa nchi hiyo, mtu anayeyajua yale majabali kona kwa kona, maana pale watu hutua kwa macho, si kwa mitambo. Mwongozaji akisema hapana, hata mwenye ndege alie machozi ya damu, hamtui.

Na mwongozaji huyu, Kinzang Norbu, alikuwa amemkera Dakta tangu Kolkata.

Kwanza ilikuwa ndege yenyewe. Tajiri mmoja wa majani ya chai alikuwa ametoa bure ile kubwa yake ya kuvukia bahari, yenye kitanda na jiko. Kinzang akaizunguka mara moja, akatikisa kichwa. "Hii ina mbio mno kwa kona za kwetu, na kapteni wake hajawahi kuingia. Tupeni ile yake ndogo ya viti sita. Huyu Bharucha nimeshaingia naye mara nne." Ile ndogo haikuwa na mafuta. Saa moja na nusu ikapotea hivi hivi, na kule milimani upepo haumngoji mtu. Ukishaanza kuvuma wa mchana, hakuna anayetua.

Halafu udadisi. Mtu wa ndege kazi yake ndege, lakini huyu alitaka kujua yote. Upasuaji unachukua saa ngapi? Mtoto wa miaka sita anaihimili dawa ya usingizi? Kisanduku chenye valvu mpya ya moyo alikipakia mwenyewe, akakifunga mkanda, kisha akarudi mara mbili kuukagua ule mkanda.

Mtoto mwenyewe Dakta alimjua kwa faili tu. Yeshey Lhaden, basi. Watu wa kule hawana jina la ukoo, kila mtu ana lake. Moyo wake ulikuwa umechoka kiasi kwamba hakuweza kusafirishwa hata kwa machela. Asipopasuliwa leo, huenda kesho kusiwe na mtoto wa kupasua.

"Kwa nini tumeondoka?" Dakta alipaza sauti kupitia mlango wa marubani uliokuwa wazi. "Uwanja nimeuona!"

"Uwanja umeuona, Daktari," Kinzang alijibu bila kugeuka. "Mlima wa kushoto je, umeuona?"

"Sikuja kutazama milima!"

"Ndiyo maana nimekuja mimi."

Bharucha akakohoa kuficha kicheko, na hilo likamzidishia Dakta hasira.

Wakazunguka juu ya mawingu kwa dakika ishirini. Kinzang aliuliza kwa redio mnara wa uwanja kuhusu upepo. Akauliza tena. Akauliza tena, mpaka sauti ya mnarani ikamjibu: "Kaka, nimekwambia sasa hivi. Hakijabadilika kitu."

Mara ya tatu ndege iliingia bondeni, ikalala ubavu, bawa likielekea mapaa ya nyumba. Upepo uliitupa huku na huku. Dakta aliuona uwanja, karibu kabisa, umenyooka mbele yao. "Tua," alinong'ona. "Tua, tua!" Kinzang alikuwa ameinua mkono hewani. Safari hii alikawia kusema.

"Juu. Juu! Bonde limefunga. Twende Bagdogra."

Dakta akafungua mkanda, akaenda akasimama mlangoni mwa marubani. "Mtoto anakufa kule chini!"

"Najua."

"Hujui lolote! Ungejua usingekaa hapo umetulia kama unayesubiri basi. Mwoga mkubwa wewe!"

"Humu ndani daktari wa moyo ni mmoja," Kinzang alisema kwa sauti iliyokauka. "Nikikuvunja mlimani, nani atampasua? Rudi ufunge mkanda."

Dakta aliichukulia sauti ile kuwa ni dharau.

Kule Bagdogra, upande wa India chini ya milima, jua lilikuwa linawaka, na Dakta aliliona kama tusi. Bharucha alikwenda kutafuta gari. Kwa barabara ni mwendo wa saa nane. Kinzang alijitenga hadi kwenye ncha ya bawa, akasimama akiitazama milima, amewapa wote mgongo. Hata samahani hakuomba. Dakta akapiga simu hospitalini alikolazwa mtoto, na Sista Choki akapokea.

"Sista, hatukutua. Nakuja kwa gari. Mtoto atanisubiri?"

"Bado anapumua, Daktari. Wewe njoo tu."

"Mama yake yupo hapo? Mwambie mimi nilitaka kutua. Mwambie ni mwongozaji aliyekataa, mara tatu, uwanja ukiwa mbele ya macho yetu. Ana haki ya kumjua mtu huyo."

Sista akaiweka simu kando. Kwa mbali Dakta alisikia wanawake wawili wakizungumza kwa lugha ya kwao, polepole, kisha Sista akarudi.

"Nimemwambia, Daktari. Anasema kama mume wake ndiye aliyekataa, basi kweli hapakupitika. Anakuomba umlazimishe ale chochote, tangu jana hajatia kitu tumboni."