Jina la Kanga za Tunu

Kila msanii aliruhusiwa sanaa moja tu, na alivishwa bangili ya kumzuia asiguse nyingine. Ya Mwanakombo ilikuwa ya uchoraji. Akichora, ilitulia, akiandika herufi hata moja, ilimbana mpaka vidole vikafa ganzi.

Kesho yake bintiye, Tunu, angeolewa, na kanga alizomchorea hazikuwa na maneno.

"Mama, kanga bila jina si shuka tu?" Tunu alitania, huku machozi yakimlengalenga.

"Ngoja, mwanangu. Usinisemeshe."

Pale jina linapokaa, Mwanakombo alichora majani, moja baada ya jingine, kila moja akilipinda alivyotaka. Bangili ilinyamaza. Tunu aliinama, akashtuka, akayasoma kwa sauti: "Mkono ni wangu, simwombi mtu."

Bangili haikujua kusoma majani, lakini masikio ilikuwa nayo. Iliwaka nyekundu, ikaanza kubana.

"Mama, acha! Waliokuvisha watakuja!"

"Waje," alisema Mwanakombo kwa upole, akihamishia brashi mkono wa kushoto. "Doti ni vipande viwili. Nishikie hicho cha pili, kisikunjamane."