Anga Lisilo na Maandishi

Sheria ilimtaka kila mtu avae lenzi machoni, na akitazama juu usiku alisoma utabiri wake kando ya nyota yake. Salha, binti wa Tumu, aliandikiwa kwamba hatafika utu uzima. Tangu hapo mtoto alikuwa hainui uso.

Jioni moja, uani kwao Kondoa, Tumu alimvua lenzi, akavua na zake. Nyota zilikuwa nyingi kupita kiasi, zimetapakaa hadi nyuma ya milima, na hazikusema neno.

“Mama, yangu ni ipi?”

“Sijui, mwanangu.”

“Kwa hiyo haijaandikwa?”

“Tazama tu.”

Salha alitazama, mdomo wazi. Kesho shuleni macho yangekaguliwa. Tumu alizifukia lenzi zote mchangani, akamkumbatia mwanawe kwa nguvu.