Siri Aliyopewa Kimya

Kimya alichomoka tena mapema, mfuko wa duka la dawa mkononi. Mwenzake wa meza ya pili, wakili mchanga kama yeye, akamtolea macho dirishani. Wivu ulimkaba binti wa watu hadi chai ikamshinda.

Walianza siku moja katika ofisi hiyo ya kutetea haki za binadamu. Yeye aliangukia kesi za wachuuzi waliovunjiwa vibanda. Kimya, mtu ambaye hata salamu huitoa kwa kubana, akapewa kesi iliyotikisa mji: ya shahidi aliyeponea chupuchupu mikononi mwa polisi. Shahidi huyo alifichwa, akiwa na majeraha yake, na pale ofisini waliojua alipo ni Kimya na bosi tu.

"Kwani mimi siaminiki, mama?" alimuuliza bosi.

"Unaaminika, mwanangu. Ndiyo maana sikuambii."

Jibu gani hilo! Alitoka amenuna.

Kwao nako hakukuwa na nafuu. Mama yake, muuguzi mstaafu, alimkataza kwenda kumtembelea, eti anapaka rangi nyumba. Kisha akamalizia kwenye simu, "Yule mwenzako ana adabu jamani. Muige."

Hata mama! Kimya kawaroga wote?

Kesho yake, kwenye ngazi za mahakama, askari kanzu mmoja alimchekea na kumuuliza habari za kazi. Siku zote binti alimpita askari huyo kama hamwoni. Safari hii alisimama. Wakimkamata shahidi, aliwaza, Kimya atanyang'anywa kesi, na yeye ndiye atakayekwenda kortini kumtoa.

"Mfuateni Kimya jioni, akitoka duka la dawa," alisema.

Asubuhi bosi alimwita ofisini, akafunga mlango. Alikuwa amelia. Binti naye akajitengenezea uso wa huzuni.

"Wamempata shahidi wetu."

"Maskini! Nipe mimi hiyo kesi, mama. Naingia kortini leo leo."

Bosi akamshika mikono yote miwili.

"Kaa kwanza, mwanangu. Yule mtu alihitaji wa kumsafisha vidonda, tena mtu wa kuaminika kama wewe. Tulikuficha ili wakikubana usiwe na la kusema. Usiku wamevunja mlango, wakawachukua wote wawili, yeye na mama yako."