Sauti Moja Kooni

Tangu kiwanda kiwawekee wafanyakazi wote kifaa cha sauti moja kooni, hakuna tena aliyemcheka mwenzake lafudhi. Msukuma, Mmakonde na Mchina walisikika sawa, wakaelewana, kazi ikaenda. Lugembe, aliyechekwa miaka mingi, ndiye aliyetangulia kukubali. Kifaa kikishaingia hakitoki.

Mama yake, asiyeona, alipozidiwa na ugonjwa, wenzake Lugembe wa kiwandani walikwenda mmoja mmoja kumjulia hali. Lugembe alibanwa na zamu, akafika wa mwisho.

"Mayu, ni mimi, Lugembe," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Hata yule wa asubuhi aliniita mayu kwa sauti hii hii," mama akasema. "Mnanipenda, asanteni. Ila mwanangu kazuiwa na nani?"

Lugembe akampa mkono. Mama akaupapasa, akatabasamu kwa adabu, kama mtu anayempokea mgeni.

"Mkono wa kazi, baba. Wake pia ni hivi. Lakini sauti yake inakwaruza kama jiwe la kusagia. Ukimwona, mwambie awahi."

Lugembe akajaribu kukwaruza sauti. Ikatoka ile ile, laini.

"Nitamwambia, mama."

Akatoka, akaketi kizingitini. Ndani mama akaendelea kumwita kwa jina, naye kila alipoitwa aliziba mdomo kwa kiganja.