Kibao cha Hemedi

Sheria ilitaka kila aliyekufa akiandika ujumbe wa simu huku anaendesha gari awekewe kibao mahali alipofia, chenye maneno yake ya mwisho kama yalivyokatika. Watoto wa shule huvisoma vibao hivyo kwa kuviimba. Cha Hemedi kilisema: "Nyanya ninazo, kitunguu nita".

Mjane wake, Sikudhani, alimkuta fundi wa idara ya barabara pale kwenye kona ambapo Hemedi aligonga lori, saruji ya kibao ikiwa bado mbichi.

"Ongeza na swali langu," alisema. "Yeye alikuwa akijibu. Nilijua yuko njiani, na bado nikamuuliza."

"Mama, sheria haimtaji aliye jikoni. Kwa nini ujitafutie kuchekwa?"

"Wanicheke. Hakuligonga lile lori peke yake."

Fundi alitikisa kichwa, akaanza kufungasha vyombo. Sikudhani akaokota msumari, akainama, akachora kwenye saruji: "Na kitunguu?" Chini yake akaandika jina lake lote.

"Watakuja kuvunja," fundi alisema.

"Watanikuta."

Fundi akaondoka na gari. Kabla hajaimaliza kona, Sikudhani aliona kichwa chake kimeinamia simu mapajani. Alipiga kelele, lakini vioo vilikuwa vimefungwa.