Ukizima, Niambie

Bisibisi ilikuwa tayari kwenye skrubu ya kwanza, lakini mke hakuizungusha. Alisimama juu ya stuli, uso kwa uso na swichi ya sebuleni iliyoungua nusu, masizi yamepanda ukutani mpaka usawa wa paji lake.

"Umezima?" alipaza sauti kuelekea dirisha la uani.

Kimya. Bado amenuna, alijisemea. Na anune.

Wiki iliyopita umeme ulikatika, kisha ukarudi kwa kishindo. Friji likafa papo hapo. Swichi zikatoa cheche, hapa na kwa wale maharusi wa nyumba ya pili wanaochangia nao ukuta na uani. Tangu siku hiyo hii ya sebuleni ilikuwa ikivuma kama nyuki ndani ya chupa, na wimbo wa mume ulikuwa mmoja tu: kesho.

Asubuhi hii kitinda mimba wao alipanda stuli akaigusa, ikamrusha chini. Hakuumia, ila mama mtu alipandwa na mori. Alimwambia mumewe maneno ambayo hata yeye yalimchoma ulimini, kisha akamalizia: "Nenda kazime, na usimame hapo hapo uani kwenye boksi la umeme. Kazi nitafanya mwenyewe!" Mume alitoka, akabamiza mlango.

Kazi aliijua. Marehemu baba yake alikuwa fundi umeme, akamwachia bisibisi hii, kopo la swichi kuukuu na onyo moja: umeme hauna mjomba. Kabla ya kushika, uliza. Usipojibiwa, usishike.

"Umezima?"

"Nimezima!" Sauti ya kiume ilitoka uani, nzito, nusu yake ikimezwa na ukuta.

Pumzi zikamshuka. Alifungua skrubu mbili, akatoa kifuniko. Ndani plastiki ilikuwa imeyeyuka, na waya mmoja ulining'inia, shaba yake iko wazi. Jasho lilimwingia jichoni. Alisita, na alijua si kwa kuogopa umeme peke yake. Hivi kweli mtu anaweza kumkabidhi roho yake yule aliyemtukana saa moja iliyopita?

"Usiogope," sauti iliongeza kutoka kule kule. "Fanya taratibu, mpenzi."

Mpenzi! Tangu azae mtoto wa pili hakuwahi kuitwa hivyo. Machozi yalimlenga. Aliona aibu kwa kumdhania vibaya, akaapa kwamba akimaliza tu atamfuata uani amwombe msamaha, macho kwa macho.

Sasa bisibisi haikufaa tena. Waya ulitaka kusokotwa kwa vidole. Alifuta kiganja kwenye gauni. Onyo la baba ni onyo, akauliza mara ya mwisho.

"Haya, nashika. Umezima?"

"Nimezima, mpenzi. Shika tu."

Akanyoosha vidole.

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Mumewe aliingia akihema, mkononi ana swichi mpya ambayo haijatolewa hata kwenye nailoni yake.

"Kumbe umeshapanda? Nilipitia dukani kwanza," alisema bila kumtazama usoni. "Teremka basi, nikazime umeme."

Nyuma ya ukuta, kwa maharusi, sauti ile ile nzito ikaita: "Umemaliza, mpenzi? Niwashe?"